Theluji Imewafuta Watu wa Chicago

Kila ifikapo Januari hurudi picha ileile. Jengo la kale katikati ya Chicago, theluji imekaa juu ya kila ukingo wa dirisha, barabara imelala kimya, na mbali kabisa, chini ya taa, mtu mmoja mweusi tii kama alama ya mkato, mwavuli mkononi, mgongo ametugeuzia. Chini ya picha kuna maneno mawili matatu kuhusu upweke. Sisi wapenda fasihi wa mtandaoni tunazihusudu sana picha hizi. Tunazibandika juu ya mashairi, tunazigeuza majalada ya riwaya, tunatumiana usiku wa manane tukiwa na huzuni zetu. Nitasema wazi: ni picha mbaya. Kwa ufundi wengi wa wanaozipiga ni hodari kuliko mimi na wewe. Ubaya wake ni kwamba zinadanganya, tena kwa mambo mazito mawili, yaani nani anaishi mjini, na kitu gani kinayaua majengo ya mji huo.

Kwanza niwape haki yao, maana nisipofanya hivyo wataniambia sijawahi kusimama kwenye baridi. Majira ya baridi ni msimu mzuri wa kupiga picha majengo, hilo halina ubishi. Miti imepukutisha majani, kwa hiyo uso wa jengo unaonekana wote. Jua la Desemba mjini Chicago, hata saa sita mchana, halipandi zaidi ya nyuzi 25 hivi juu ya upeo, basi mwanga unakuja ubavu, unaparuza ukuta na kuamsha kila nakshi. Mitaa ya katikati ya jiji imenyooshwa kaskazini hadi kusini na mashariki hadi magharibi kama mistari ya daftari, kwa hiyo mchana mwanga unamiminika kwenye State Street na Dearborn kama maji kwenye mfereji, huku mitaa inayokatiza imebaki kivulini. Na theluji yenyewe ni kioo: inarudisha mwanga juu, inaingia chini ya kingo na matao ambako wakati wa kiangazi kuna giza tupu. Ukitaka kuona kazi ya chuma aliyoifanya Louis Sullivan kwenye mlango wa kona ya State na Madison, yale majani ya chuma yanayojisokota kana kwamba yako hai, nenda siku ya theluji na jua. Utaona vitu ambavyo Julai hukuviona.

Sawa. Hayo yote nakubali, na ndiyo maana nakasirika. Mtu amepewa mwanga kama huo, amevumilia baridi inayoua betri ya kamera kwa nusu saa, amejifunza kuifunga kamera kwenye mfuko wa plastiki kabla ya kuingia ndani ili isitoke jasho la ukungu kwenye lenzi, halafu anaitumia taabu yote hiyo kutuambia kwamba mjini hakuna mtu.

Watu wapo. Hebu tuwatafute.

Wa kwanza wako chini ya miguu ya mpiga picha. Chini ya katikati ya Chicago kuna njia za waenda kwa miguu, wenyewe wanaziita Pedway, zenye urefu wa karibu maili 5, zinazounganisha vituo vya treni, ofisi za serikali, maduka na mahoteli. Siku ya baridi kali mji unahamia humo. Makarani, mawakili, wanafunzi, akina mama na mikokoteni ya watoto, wazee waliokuja kufuata kesi, wote wanapita humo chini ya taa za rangi ya maziwa yaliyochacha, kuta zake hazina mshairi wa kuzisifia. Mpiga picha yuko juu anaandika "jiji limelala."

Wa pili wako Wacker Drive ya chini. Barabara hii imejengwa kwa sakafu mbili kando ya mto tangu miaka ya 1920. Ile ya juu ndiyo ya picha: madaraja, mto ulioganda vipande vipande, minara inayong'aa. Ile ya chini ni ya malori ya mizigo, na kwa miaka mingi pia ni ya watu wasio na makazi, kwa sababu huko upepo hauwafikii sana na theluji haiwadondokei. Ile picha ya daraja jeupe tunayoipenda imepigwa juu ya kichwa cha mtu aliyelala. Nasema hivi bila fumbo lolote, ni suala la mita chache tu kwenda chini. Wengine hulala kwenye treni. Mistari miwili, wa bluu na wa nyekundu, hutembea usiku kucha, na usiku wa Januari behewa lenye joto ni chumba cha kulala. Tarehe 30 Januari 2019 kipimajoto cha uwanja wa O'Hare kilishuka hadi nyuzi 31 chini ya sifuri. Siku hiyo zilitoka picha nzuri mno za ziwa likifuka moshi na minara ikielea juu yake kama ndoto. Nilizitazama nyingi. Ndoto za nani, sijui.

Na wa tatu, jamani, ni yule aliyeifagia njia. Theluji ya mjini haijiondoi yenyewe. Kuna mtu aliamka saa kumi alfajiri na koleo, akamwaga chumvi, akasafisha ngazi za benki na milango ya hoteli, na alipofika mpiga picha saa kumi na mbili kukiwa na ule mwanga wa buluu, njia imeshanyooka vizuri inaongoza jicho kuelekea kwenye jengo. Wakosoaji wa picha wana maneno mengi kuhusu mstari unaoliongoza jicho. Mstari huo una mgongo unaouma.

Ajabu ni kwamba baba wa picha hizi hakufanya hivyo. Tarehe 22 Februari 1893 Alfred Stieglitz alisimama New York, Fifth Avenue, kwenye dhoruba ya theluji, kwa maelezo yake mwenyewe muda wa saa tatu, akiwa na kamera ndogo ya mkononi ambayo mabwana wakubwa wa wakati ule waliidharau. Alipopata alichokitaka, kilikuwa nini? Dereva wa gari la farasi anakuja mbele, mjeledi juu, farasi wanahangaika, magurudumu yanakata theluji. Kazini! Katikati ya picha maarufu kuliko zote za jiji kwenye theluji kuna mtu anayefanya kazi na wanyama wanaovuta. Miaka 130 na ushee baadaye wajukuu zake wamechukua theluji, wamechukua ukungu, wamechukua ule ukimya wa kijivu, dereva wamemshusha.

Sasa tuje kwenye yule mmoja waliyembakiza, yule wa mwavuli. Kwa nini kila mara ni kivuli? Hapa kuna jambo la ufundi ambalo wengi hawalisemi. Kipimamwanga cha kamera kimefundishwa kuamini kwamba dunia kwa wastani ni ya kijivu. Kikiona theluji kinashtuka, kinadhani mwanga umezidi, kinapunguza. Matokeo yake theluji inakuwa kijivu kama jivu la jikoni, na kila kilicho cheusi kinazama. Dawa yake kila fundi anaijua: fungua mwanga zaidi, hatua moja hadi mbili. Lakini ukishafungua utapata theluji nyeupe yenye umbile lake, na hapo wengi wanaishia, wameridhika. Uso wa mtu mweusi aliyevaa kofia ya sufi, mbele ya ukuta mweupe, bado unahitaji mwanga mwingine zaidi ya huo. Uchaguzi unabaki kwako: theluji ipendeze au uso uonekane. Na karibu kila mtu anachagua theluji. Tusisahau kwamba filamu za rangi zenyewe kwa miongo mingi zilisawazishwa kwa kadi ya mwanamke mzungu, ile kadi ya Kodak iliyoitwa Shirley. Ngozi zetu zilikuwa hesabu iliyobaki. Basi katika jiji ambalo zaidi ya robo ya wakazi wake ni weusi, jiji ambalo mwanzilishi wake anayetambuliwa ni Jean Baptiste Point du Sable, mtu mweusi, jiji lenye ndugu zetu Wakongomani waliofika wakimbizi na Kiswahili chao na makoti ya kupewa, mwanadamu wa majira ya baridi ni doa lisilo na uso. Halafu tunaliita doa hilo "upweke wa binadamu."

Najua jibu litakalokuja. Litasema: wewe unataka sanaa iwe ripoti ya shirika la misaada. Sanaa ina haki ya ukimya. Mpiga picha hana deni kwa mtu.

Nataka sanaa zaidi, si pungufu, na Chicago imeshanipa mifano. Vivian Maier alikuwa yaya. Alilea watoto wa watu kaskazini mwa jiji, na siku zake za mapumziko alishuka mjini na Rolleiflex kifuani, akapiga negativu zaidi ya 100,000, nyingi hakuwahi hata kuzisafisha wala kuzichapa. Dunia ilimjua baada ya masanduku yake kuuzwa mnadani mwaka 2007. Tazama kazi yake ya mitaani. Anasogea. Anakaribia mpaka unaona kitambaa cha kanzu ya mwanamke, kucha za mzee, hasira ya mtu aliyegundua anapigwa picha. Majengo yapo nyuma, tena yapo sawasawa, lakini yamekaa kama majirani. Mwishoni mwa 2008, akiwa mzee, aliteleza kwenye barafu akaumia kichwa, na miezi michache baadaye, Aprili 2009, akafariki. Kwa Maier baridi haikuwa pambo.

Mfano wa pili ni Richard Nickel, na huyu ndiye ningependa kila anayeinua kamera mbele ya jengo la kale amjue kwa jina. Alizaliwa Chicago mwaka 1928. Akiwa mwanafunzi wa upigaji picha alipewa kazi ya kupiga majengo ya Adler na Sullivan, na kazi ya darasani ikageuka maisha yake yote, kwa sababu kila alipokwenda kupiga alikuta jengo linabomolewa. Mwaka 1960 alishika bango barabarani kuitetea Garrick Theater, jengo la 1892. Walilibomoa mwaka 1961, wakaweka maegesho ya magari. Maegesho! Nickel akaingia kwenye vumbi akatoa mapambo kwa mikono yake, vipande kwa vipande, na kabla ya kutoa alipiga picha. Jengo la Soko la Hisa la Chicago, kazi ya 1894, lilipofikiwa na nyundo, aliendelea kuingia humo kuokoa. Aprili 1972 aliingia hakutoka. Sakafu zilimwangukia, mwili wake ulipatikana karibu wiki nne baadaye. Ukumbi wa biashara wa jengo hilo leo umejengwa upya ndani ya Art Institute, na tao la mlango wake limesimama nje, peke yake, bila nyumba. Nenda ukaone. Wapiga picha wa theluji wanalipenda sana tao hilo, limekaa vizuri kwenye fremu.

Picha za Nickel hazina ukungu wala huzuni ya kununua. Ni kavu. Zinaeleza nguzo ilisimamaje, dirisha lilifungukaje, kigae kimepasuka wapi. Ukizitazama unaelewa kwamba jengo ni kitu kilichotengenezwa na mikono na kinaweza kuondolewa na mikono. Zile za Januari zinakufundisha kinyume: kwamba jengo ni kama mlima, lipo tu, linapigwa theluji tangu zamani na litaendelea.

Na huu ndio uongo wa pili, kuhusu kinachoua majengo. Theluji ile inayopendeza ni adui. Maji yakiganda yanatanuka kwa takriban asilimia 9. Yameingia kwenye ufa mwembamba wa kigae cha terakota, usiku yameganda, mchana yameyeyuka, usiku yameganda tena. Fanya hivyo mara kadhaa kila msimu, miaka mia. Nyuma ya kigae kuna chuma kinachokishikilia, chuma kinapata kutu, kutu inavimba, kigae kinasukumwa nje. Ile chumvi ya kuyeyushia barafu nayo inapanda na unyevu kwenye vinyweleo vya jiwe, ikikauka inajenga fuwele na kulimega jiwe kutoka ndani. Ndiyo maana ukitembea katikati ya Chicago utapita chini ya mapaa mengi ya muda, ya mbao na mabomba ya chuma, yaliyojengwa juu ya njia za miguu ili vipande vya mapambo visiwaangukie wapita njia. Yako kila mahali. Kwenye picha hayapo kabisa, yamekatwa au yamesuburiwa mpaka gari kubwa lipite liyafiche, au yamefutwa kwa kompyuta. Jengo lenyewe linapiga kelele "naumwa" na picha inaliziba mdomo kwa pamba nyeupe.

(Monadnock peke yake naona lina haki ya kuicheka theluji. Ghorofa 16 za matofali ya kubeba uzito, 1891, kuta za chini unene wake karibu mita 1.8, mapambo hakuna. Hilo lipigeni mnavyotaka.)

Wasomaji wa hapa mtaniuliza fasihi iko wapi. Iko kusini kidogo, kwenye State Street hiyohiyo, ukishatoka katikati ya jiji ukafika mtaa wa 34. Hapo lilisimama jengo la Mecca, la 1892, lenye kumbi mbili za ndani zilizofunikwa kwa vioo na vizuizi vya chuma kilichofumwa kwa ufundi. Lilianza kwa ajili ya wageni wa maonyesho ya dunia ya 1893, baadaye likawa makazi ya watu weusi, mwanzoni wenye nafuu, kisha waliobanana kwa kuwa jiji halikuwapa pa kwenda. Chuo kilicholinunua kilitaka kulibomoa, wapangaji wakapinga miaka mingi. Mwaka 1951 jarida la Life lilimtuma Wallace Kirkland akapige picha. Alipiga ile nakshi, alipiga mwanga unaoshuka kutoka kwenye vioo, na alipiga watoto na wazee wamesimama kwenye vizuizi vya ngazi. Januari 1952, katikati ya baridi, jengo likaangushwa. Mahali pake kuna Crown Hall ya Mies van der Rohe, 1956, kioo na chuma, ambayo nayo sasa ni jengo la kihistoria linalopigwa picha kwenye theluji, safi, tupu.

Gwendolyn Brooks alifanya kazi ndani ya Mecca akiwa msichana, karani wa mtu mmoja aliyeuza dawa za kubahatisha na ushauri wa kiroho. Mwaka 1950 alikuwa mtu mweusi wa kwanza kupata tuzo ya Pulitzer. Mwaka 1968, miaka 16 baada ya jengo kuondoka, alitoa kitabu chake In the Mecca, ambamo mama anamtafuta mtoto wake mlango kwa mlango. Angalia alivyofanya: jengo halipo tena, na yeye hakutuandikia maombolezo ya matofali. Alitupitisha kwenye milango na nyuma ya kila mlango kuna mtu mwenye jina na kauli yake. Ndiyo njia ya kuhifadhi jengo ambayo bado sijaona ikishindwa, na haikuhitaji ukungu.

Msidhani haya ni ya Wamarekani tu. Mji Mkongwe wa Zanzibar tumeupiga picha mpaka milango yake imechakaa kwa macho. Milango iliyofungwa, vichochoro vitupu vya alfajiri, paka mmoja. Beit al-Ajaib ya Sultan Barghash, 1883, ilipigwa na kila mgeni aliyeshuka bandarini, kutoka mbele, mnara katikati, anga la samawati. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake kubwa iliporomoka ikiwa kwenye ukarabati, mafundi wawili wakafa. Siku iliyofuata watu walirusha zile picha zao nzuri za zamani kuomboleza. Picha za nyufa, za dari zilizokuwa zinavuja, za mafundi wakiwa juu ya ukuta, ngapi mliziona? Theluji haipo Zanzibar, ila tabia ya macho ni moja.

Rudi State Street sasa. Kusini mwa Adams kuna maghorofa mawili ya miaka ya 1910, Century na Consumers, yamevaa terakota kuanzia chini hadi juu. Ni mali ya serikali ya shirikisho, yako jirani na mahakama, na wakubwa wa usalama hawakutaka mtu aishi karibu na madirisha ya majaji. Mwaka 2022 Bunge la Marekani lilitenga dola milioni 52 ili yabomolewe. Watetezi wa majengo, Preservation Chicago na Landmarks Illinois wakiwa mbele, walipinga, wakapeleka barua, wakahudhuria vikao. Picha zilizowasaidia katika kazi hiyo ni zile zinazoonyesha hali ya vigae, ngazi, vyumba vya ndani. Ile ya usiku, theluji ikidondoka mbele ya taa na jengo limepotea nusu, humwambia mjumbe kwamba jengo limeshakufa kifo kizuri.

Kwa hiyo wewe mwenye kamera, ukishuka kwenye treni kituo cha Adams majira haya ya baridi, shuka mpaka chini. Piga lile paa la muda la njia ya miguu na kuta za terakota juu yake katika fremu moja. Piga alama ya chumvi kwenye jiwe la ngazi. Muulize mwenye koleo kama yuko tayari, muulize jina lake na uliandike lilivyo, halafu fungua mwanga mpaka uso wake uonekane vizuri, macho na yote, na kama theluji nyuma yake itaungua ikawa nyeupe kama karatasi tupu, iache iungue.